Nimealikwa rodeo ya mashoga hapa Denver mwezi wa saba, kuna mtu ashawahi kwenda?

MamaNeema_Aurora

Habari zenu wanajamvi. Naombeni mawazo, na wale wa matusi naomba mpite tu kimya kimya nawaheshimu.

Mi niko Aurora hapa Colorado mwaka wa tano sasa, nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Kuna mwenzangu pale kazini, mzungu mtu mzima hivi, huyu baba mwaka jana mwanangu alipolazwa alinishikia zamu nne mfululizo na hakuniomba hata chai. Sasa wiki iliyopita kaniletea tiketi mbili za rodeo, yale mashindano ya makauboi, moja yangu moja ya kijana wangu wa miaka 14 ambaye kwa farasi ni chizi kabisa, kutwa yuko kwenye simu anaangalia watu wanapanda farasi. Nikashukuru nikatia kwenye pochi. Nafika nyumbani naisoma vizuri, kumbe ni rodeo ya mashoga, ile Rocky Mountain Regional Rodeo ya chama cha Colorado Gay Rodeo Association.

Huyu baba najua anaishi na mwenzie, wala hajawahi kunificha, na mimi na yeye hatujawahi kukoseana. Shida yangu ni kwamba sijui naenda kwenye nini. Ni rodeo kweli yenye ng'ombe na farasi au ni watu wamevaa kofia tu wanacheza mziki? Mtoto anaweza kuona au nitajuta? Na nguo je, maana buti sina, kofia sina, nina raba nyeupe na dera. Na nikikataa namwambiaje mtu aliyenifaa vile? Halafu kuna watu wa kanisani kwetu wakiniona pale najua habari itafika Morogoro kabla sijarudi home.

ShangaziPhoenix

Mama Neema karibu sana, umefika kwa mwenyewe. Mi ni mtu wa Mombasa, nilikaa Phoenix miaka tisa na kule wana chama chao cha Arizona, nimejitolea kwenye rodeo yao mara mbili kwa sababu bosi wangu wa saluni alikuwa ndani ndani kabisa. Mara ya kwanza nilipewa kazi ya kushika mlango wa zizi la mbuzi, usicheke.

Ni rodeo kweli dada. Kuna kupanda fahali, kuna farasi wakorofi, kuna kurusha kitanzi, kuna kuzungusha farasi kwenye mapipa matatu mbio mbio. Wanaanguka kweli na ambulensi imepaki pembeni inasubiri. Tofauti moja niliyoipenda ni kwamba huko kwenye rodeo za kawaida mambo ya fahali kwa kawaida ni ya wanaume na mapipa ni ya wanawake, huku kila mtu anaingia anapotaka, utamuona dada mwembamba tu kakalia dume na utamuona njemba ya ndevu inakimbiza farasi kwenye mapipa. Kwenye fahali wanahesabu sekunde 6, wale wa kulipwa kwenye rodeo kubwa ni 8. Ukisikia sekunde 6 unaona si kitu, ngoja umwone mtu pale juu.

Sasa kuna michezo mitatu ambayo hutaikuta pengine, na hii ndo mtoto wako atakuja kuwasimulia wenzake mpaka wachoke. Wa kwanza ni kumvalisha mbuzi chupi. Haki ya Mungu. Mbuzi kafungwa kwa kamba, watu wawili wanatoka mbio futi 50, na mmoja ile chupi tayari kaivaa mikononi, yaani kapitisha mikono yake miwili kwenye matundu ya miguu. Wakifika yule mwenye chupi anakamata miguu ya nyuma ya mbuzi, mwenzie anaivuta chupi kutoka mikononi mwake inateleza kwenda kwa mbuzi mpaka kiunoni, halafu wote wawili wanarudi mbio kwenye mstari. Walio wazuri wanamaliza kabla hujameza mate. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, yule mbuzi alikuwa anatafuna kamba yake kama mzee anayetafuna mswaki, akavalishwa, akavuliwa, akaendelea kutafuna. Timu iliyofuata, mbuzi akampiga mmoja pembe gotini, yule kaka akakaa chini.

Wa pili ni kufunga utepe kwenye mkia wa maksai, mmoja anamshika na kumtoa kamba kwenye pembe, mwingine anahangaika na mkia. Wa tatu ndo watu wote wanausubiri, timu ya watu watatu, mwanaume mmoja, mwanamke mmoja na wa tatu kavaa gauni na wigi, anaweza kuwa mwanaume au mwanamke haijalishi. Wanamkokota maksai mpaka avuke mstari futi 70 hivi kutoka langoni, halafu yule wa gauni ampande arudi naye. Maksai hajui habari za gauni. Nimeona wigi la dhahabu linabaki kwenye pembe na mwenyewe yuko chini kwenye vumbi anacheka huku anatema mchanga.

Watoto walikuwepo, mabibi walikuwepo, watu na strola zao. Mchana ni mambo ya uwanjani tu. Usiku kuna dansi na baa, hapo mtoto mrudishe nyumbani kama ambavyo ungemrudisha kwenye harusi yoyote bia zikishapanda. Dera liache, mavi ya ng'ombe na dera haviendani, vaa jinzi. Na hizo raba nyeupe nakuonya mapema.

Mkata_Upepo

Dunia imeisha. Mbuzi wa watu naye anavalishwa chupi na nyie mnachekelea. Tulikuja Marekani kutafuta maisha tunaishia kwenye upuuzi

MamaNeema_Aurora

@Mkata_Upepo nilisema mpite kimya kimya. Siku mwanangu amelazwa wewe ulinishikia zamu ngapi

Ngosha_Bariadi

Mwangaluka wote. Mi nauliza swali la mfugaji, mambo mengine hayanihusu. Huyo maksai wanamwangusha vipi na anaangushwa na nani? Maana sisi huku kwetu kumwangusha maksai wa kuchanja au kumpiga chapa ni kazi ya vijana watatu wanne na kamba ya mguu, na maksai wa kulimia ukimvunja ukafika kwa mzee na habari hiyo utalala nje. Na ndama je? Nilishaona video ya rodeo mtu yuko juu ya farasi anamrushia ndama kitanzi ndama anakimbia kamba inakaza anarushwa juu anaangukia mgongo. Ile mi sikuipenda hata kidogo, ndama ana shingo laini yule.

ShangaziPhoenix

Ngosha swali zuri na ndo kitu nilichouliza mimi pia siku ya kwanza. Ile ya kumrusha ndama na kumfunga miguu hawana. Kwenye rodeo zao kitanzi cha ndama kinarushwa na mtu aliyesimama chini kwa miguu yake, ndama anatoka mlangoni, ukimpata shingoni kazi imeisha, humwangushi humfungi. Kuna nyingine ya juu ya farasi lakini kamba imefungwa kwenye tandiko kwa uzi mwepesi, ndama akivuta uzi unakatika anakwenda zake na kamba, na hapo ndo saa inasimama.

Maksai anaangushwa na mtu mmoja. Mnyama anaanzia kwenye kile kichochoro cha mbao, fikiria kile cha kuingilia josho, na mtu anaanza naye humo humo kamshika pembe, wakitoka wakivuka mstari ndo anaruhusiwa kumlaza, ana dakika moja. Hakuna kumrukia kutoka juu ya farasi. Maksai wenyewe wadogo kuliko wa kulimia. Ila sitakudanganya, watetezi wa wanyama wanalalamika hata na hizi, kuna waliokuwa wanasimama getini na mabango. Mi nilikuwa mlango wa mbuzi, na mbuzi niliowaona mimi walikuwa na maji na kivuli kuliko sisi volontia.

Ngosha_Bariadi

Hapo nimekuelewa. Kushika pembe ukiwa naye kwenye kibanio sawa, hiyo hata sisi tunaifanya. Sema huyo mwenye gauni akija Bariadi namtafutia dume letu moja tuone

Dereva_I80

Mama Neema mi ni dereva wa lori, barabara ya I-80 naijua kama sebule yangu, Reno pale Nevada nimelala mara nyingi kuliko kwa shemeji zangu. Na ndo huko rodeo hii ilikoanzia kwa hiyo ngoja niwape stori.

Ni mwaka 1976, tarehe 2 mwezi wa kumi. Kulikuwa na jamaa anaitwa Phil Ragsdale, alikuwa na cheo cha Emperor kwenye kile chama chao cha Reno kinachovishana mataji na kuchangisha hela. Akawa anatafuta hela za kuwapikia wazee chakula cha sikukuu ya Thanksgiving, akasema tufanye rodeo, na tuonyeshe kwamba na sisi tunaweza. Uwanja wa maonesho wa kaunti ya Washoe akaupata. Shida ikaja kwenye wanyama. Kila mfugaji anayemfuata akisikia ni rodeo ya akina nani hana ng'ombe, ng'ombe wote wameenda malishoni ghafla. Mpaka siku moja kabla ya shughuli jamaa hana hata kwato. Mwisho akapata ng'ombe watano, ndama kumi, nguruwe mmoja na farasi mmoja yule mfupi wa Shetland. Na hao ndo wakafanya rodeo nzima. Ngosha wewe mfugaji, hebu fikiria unaitisha mnada unakuja na nguruwe mmoja.

Watu 125 na kidogo wakashiriki. Ikaendelea kila mwaka ikakua mpaka 1982 yule mchekeshaji Joan Rivers akaja kama mgeni wa heshima. Baada ya 1984 ile ya Reno ikafa, lakini wakati huo huo majimbo mengine yalishaanza za kwao, Colorado, Texas, California, Arizona, na mwaka 1985 hao wanne wakaungana wakaunda chama kikubwa cha kimataifa, IGRA. Rais wa kwanza alikuwa mtu wa hapo hapo kwenu Denver, Wayne Jakino, mmoja wa wenye ile baa ya Charlie's pale Colfax, wanapocheza dansi za kauboi. Mama Neema ukikaa Aurora Colfax unaijua, ni barabara ile ile yenye maduka ya Wahabeshi unakonunulia mchele, ifuate tu kuelekea mjini.

Na msidhani walipokelewa na maua. Mwaka 1988 fainali za IGRA zilipangwa Nevada, maeneo ya Fallon, watu washasafiri na farasi wao kwenye matrela siku na siku, mahakama ikatoa amri hakuna rodeo. Farasi wakapakiwa wakarudishwa. Mi kama dereva hiyo ndo iliniuma, mafuta yale nani alirudisha?

PapaKivu_FortWorth

Jambo mama Neema na wote. Mi niko Fort Worth Texas, mtu wa Bukavu. Huku rodeo ni kama mpira kwetu, mpaka shuleni watoto banaongea rodeo. Ya mashoga sijaendaka lakini najua iko, chama ya Texas ni moja ya zile za zamani kabisa vile ndugu dereva amesema.

Njo nataka kuongeza kitu kimoja, hii mambo ya kukamata ngombe pembe na kumulaza chini, mwenye kuileta kwenye rodeo ni mtu mweusi, Bill Pickett, mutoto wa huku Texas. Yeye alikuwa anamurukia ngombe, anamukunja shingo, kisha anamuuma mudomo wa juu na meno yake mpaka ngombe anatulia! Alijifunza kwa mbwa. Sanamu yake iko hapa kwetu Stockyards, ile soko ya zamani ya ngombe, mi napitaka nayo kila tukileta wageni. Na kuna rodeo ya watu weusi yenye jina lake, ilianzia huko huko kwenu Denver 1984. Kwa hiyo mama kijana wako akiuliza kama rodeo ni mambo ya wazungu tu, umwambie hapana.

Kwenda, enda. Mtu amekufanyia mazuri amekualika kwa furaha yake, kwetu kukataa ile ni vibaya.

Wanjiku_Calgary

Wueh hii thread imenikumbusha Strathmore hapa nje ya Calgary, walikuwa na yao kila kiangazi, ilikuwa kubwa manze watu wanatoka mpaka Australia. Miaka ya 2010 ikafungwa, pesa na volontia zikaisha. Wenyewe wanasema ukongwe ndo shida, wale walianza wako sitini sabini na vijana hawajui hata ng'ombe inakamuliwa wapi, na pia siku hizi shoga anaweza ingia rodeo ya kawaida asipigwe, at least mahali zingine, so haja imepungua. Kisha korona ikafuta karibu msimu mzima wa 2020. Kwa hivyo kama Denver bado iko, enda uone.

Na ubebe cash, huwa wanapitisha ndoo. Kuna wale wamevaa taji na mkanda begani, vyeo vyao ni Mr, Ms, Miss na MsTer, hao kazi yao mwaka mzima ni kuchangisha. Usiwaulize mbona wamevaa hivyo, weka dola mbili kwa ndoo uendelee na soda yako.

ShangaziPhoenix

Wanjiku umenikumbusha kitu nilisahau kumwambia Mama Neema, asije akashtuka. Mwanzoni kabisa wakishaingiza bendera zote na farasi wote, wanaingiza farasi mmoja ana tandiko kamili lakini hana mtu juu. Anaongozwa na mtu kwa miguu, pole pole, anazungushwa uwanja mzima na hapo hakuna mziki, hakuna anayetafuna. Ni kwa ajili ya waliokufa. Miaka ya 80 na 90 ukimwi uliwamaliza hawa watu, vyama vingine vilizika viongozi wengi, na hela nyingi walizokuwa wanachangisha zilikuwa za dawa na chakula cha wagonjwa ambao ndugu zao walishawakana. Bosi wangu alikuwa na umri wa miaka 60 na kitu, mtu wa maneno mengi hafungi mdomo, farasi yule alipopita mbele yetu alivua kofia akaishika kifuani na nikaona anahesabu kwa vidole. Alimaliza mkono mmoja akaanza wa pili. Sikumuuliza.

Nawe vua kofia tu, simama.

MamaNeema_Aurora

Asanteni sana kwa kweli, nimesoma zote. Nimemwambia naenda. Kafurahi mpaka kanipa mtihani wa kuchagua kofia, ana kofia saba. Nitawaletea mrejesho.

MamaNeema_Aurora

Mrejesho!! Nimechelewa wiki mbili mnisamehe, kazi.

Tulienda Jumamosi. Kosa la kwanza nilikaa upande wa jua, kofia ninayo lakini shingo nyuma imebabuka, sikujua kwamba mtu mweusi anababuka, basi anababuka. Farasi asiye na mtu alipita kama Shangazi alivyosema, na mwenzangu wa kazini yuko uwanjani miongoni mwa walioshika bendera, kumbe hajaniambia kama anaingia. Nilimpigia vigelegele vile vya kwetu watu watatu mbele yangu wakageuka, nikajua hapa nimezidisha, mara bibi mmoja ananiuliza inafanywaje. Mpaka saa tisa nilikuwa na wanafunzi sita.

Kijana wangu hakugusa simu toka asubuhi. Alikuwa amening'inia kwenye uzio pale kwenye mapipa, kila farasi akipita anafunikwa vumbi na hatoki. Kuna dada mmoja aliposhinda alikuja kumuonyesha kile chuma cha mkanda alichowahi kushinda zamani, kikubwa kama kisosi, akamwachia akishike. Sasa ananiambia anataka mwaka ujao ajitolee zizi la mbuzi na mimi nimeshajua kosa ni la nani @ShangaziPhoenix.

Mwenzangu aliingia kwenye ile ya gauni. Sikutegemea. Mtu mzima wa heshima, kazini anavaa shati limenyooshwa mpaka kola, kavaa gauni la maua na wigi jekundu na buti. Maksai alikataa kuvuka mstari, akasimama tu, wakasukuma wakavuta, muda ukaisha. Jumatatu usiku kaja kazini anachechemea, wale wazee wanamuuliza umefanyaje anasema ngazi.

Na ndio, kuna mtu wa kanisani nilimuona. Kwenye foleni ya soda. Tukaangaliana, akaangalia kofia yangu, nikaangalia yake. Jumapili ibadani kanisalimia vizuri tu.

Sasa swali la mwisho, zile raba nyeupe nilivaa, najua mlinionya. Mavi ya ng'ombe yamekauka kwenye kamba na kwenye soli, mnatoaje?

Ngosha_Bariadi

Acha yakauke kabisa kabisa ndo upige piga chini, usiyaloweke mabichi yataingia kwenye uzi. Kamba zitoe uzifue peke yake na magadi. Huyo maksai aliyesimama alikuwa wa rangi gani?

MamaNeema_Aurora

Mweusi mwenye baka jeupe usoni. Kwa nini?

Ngosha_Bariadi

Hao ndo wabishi